Barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali: someni picha zetu kabla ya kuziita data

Umoja, Nairobi

Kwa Mwenyekiti wa Bodi,
Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kwa Kamati ya Maadili ya Utafiti.

KUH: PICHA ZA MRI ZA MATITI ZILIZOPIGWA KWA AJILI YA UTAFITI NA KUACHWA BILA KUSOMWA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Jina la hospitali yenu nimeliacha nje ya barua hii kwa makusudi. Nyinyi mnajijua, wanawake walioshiriki utafiti wanawajua, na wengine watakaosoma hawahitaji jina ili waelewe jambo lenyewe.

Nimeandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimekwisha. Niliuliza kwenye dirisha la rekodi, nikaelekezwa ofisi ya utafiti. Ofisi ya utafiti ikanirudisha idara ya radiolojia. Barua niliyoileta kwa mkono ilipigwa muhuri wa kupokelewa, na muhuri huo ndio jibu pekee nililopata hadi leo. Nambari ya simu iliyoandikwa kwenye fomu ya ridhaa, ile ya kupiga ukiwa na swali lolote, siku hizi inajibiwa na sauti ya mtambo kwamba mteja hapatikani kwa sasa.

Mimi ni mhasibu, si daktari. Kazi yangu ni kuuliza kilichoingia kiko wapi na nani alitia sahihi. Ndilo ninalouliza hapa.

Nianze kwa kusema kwamba siupingi utafiti wenu. Saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa zaidi nchini kuliko saratani nyingine yoyote. Makadirio ya IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, kwa mwaka wa 2020 yalikuwa wagonjwa wapya 6,799 na vifo 3,107. Wengi wetu hupatwa tukiwa bado tunalea, na katika umri huo matiti mara nyingi huwa na tishu nzito. Kwenye mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, tishu hiyo huonekana nyeupe, na uvimbe nao huonekana mweupe, kwa hiyo tishu inaweza kuuficha uvimbe. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku na mawimbi ya redio, haitegemei weupe huo. Inafuata damu. Mtu hudungwa dawa ya gadoliniamu, na uvimbe wa saratani, ambao hujitengenezea mishipa mingi ya damu inayovuja, huifyonza dawa na kung'aa kabla ya tishu zenye afya, kisha mara nyingi huiachilia upesi vilevile.

Utafiti wa Uholanzi uitwao DENSE, uliochapishwa 2019, ulihusisha wanawake zaidi ya 40,000 wenye tishu nzito kupindukia ambao mamogramu zao hazikuonyesha kasoro. Katika kundi lililoitwa kupigwa MRI, saratani zilizojitokeza kabla ya uchunguzi uliofuata zilikuwa 2.5 kwa kila wanawake 1,000. Katika kundi lililoachiwa mamogramu peke yake zilikuwa 5. Hao walikuwa wanawake wa Uholanzi, wa miaka 50 hadi 75. Habari za mwanamke wa Kayole mwenye miaka 41 atatupa nani? Utafiti kama wenu. Ndiyo maana muuguzi wenu alipokuja kwenye chama chetu kutafuta washiriki, niliinua mkono, na wenzangu wakainua.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Picha zilipigwa, lakini hakuna aliyezisoma kwa niaba yetu.

Kwa ambaye hajawahi kupigwa MRI ya matiti: unalala kifudifudi, matiti yakining'inia ndani ya matundu mawili ya kifaa kinachonasa mawimbi, mikono mbele ya kichwa, sindano imefungwa kwa plasta. Unashikizwa kipira cha kubonyeza ukizidiwa. Masikio yamezibwa na bado unasikia mashine ikigonga. Katikati ya shughuli dawa inaingia, na ubaridi unapanda mkononi hadi begani. Huruhusiwi kujitikisa, kwa kuwa ukijitikisa picha za kabla ya dawa hazitalingana na za baada yake, na kulinganisha huko ndiko kazi yote. Mwanamke hajilazi hivyo kwa ajili ya nauli mliyomrudishia. Anajilaza kwa sababu anaamini kuna mtu ataangalia.

Tulichokuja kuelezwa baadaye, tena na mfanyakazi aliyetuhurumia kwenye korido, ni kwamba picha za utafiti hazipiti foleni ya kawaida ya radiolojia. Zinaingia kwenye hifadhi ya peke yake, zinaondolewa majina, programu inapima wingi wa tishu na kasi ya dawa kuingia na kutoka, kisha vyote vinageuka tarakimu kwenye jedwali. Daktari wa radiolojia haketi nazo kuandika ripoti isipokuwa mpango wa utafiti umeagiza hivyo. Wenu haukuagiza.

Mwenzetu mmoja, mama mboga, aligusa kinundu karibu na kwapa miezi kadhaa baada ya kupigwa picha kwenu. Alipofika hospitali nyingine, daktari alimuuliza kama ana picha za awali za kulinganishia. Akarudi kwenu kuziomba. Aliambiwa hazimo kwenye mfumo wa wagonjwa kwa sababu yeye hakuwa mgonjwa, alikuwa mshiriki. Basi akapigwa MRI nyingine, kwa pesa za harambee na mkopo wa chama. Mkopo huo niliuandika mimi kwenye daftari, kwa hiyo najua anaulipa mpaka lini.

Je, kinundu kile kilikuwa kimeanza kuonekana kwenye picha yenu? Mimi siwezi kusema, na nyinyi pia hamwezi. Jibu liko ndani ya jengo lenu na hakuna aliyelifungua. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti uliozinduliwa 2021, linataka mtu ajue ana ugonjwa gani ndani ya siku 60 tangu afike kituo cha afya kwa mara ya kwanza. Mama huyu zake alizitumia kusimama madirishani kwenu akiomba kitu ambacho tayari kipo.

2. Tulichoambiwa na tulichotilia sahihi si kitu kimoja.

Fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiingereza kitupu, nasi tukatia sahihi palipowekwa alama kwa penseli. Muuguzi alitueleza kwa Kiswahili, na alieleza vizuri, mtu mwenye subira ambaye sina ugomvi naye. Alisema atakayeonekana na shida ataitwa. Fomu inasema picha hazikusudiwi kutambua ugonjwa. Sentensi hiyo iko karibu na mwisho, chini ya aya ya marejesho ya nauli. Anayesoma Kiingereza kazini kutwa anaweza kuipita. Aliyeishia darasa la saba ataionea wapi? Katiba yetu, ibara ya 7, inaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kutafsiri fomu moja kusingewafilisi.

3. Damu ya figo.

Kabla ya dawa mlitutoa damu kupima figo, na mlifanya vyema, kwani gadoliniamu haifai kutolewa ovyo kwa mtu ambaye figo zake zimedhoofika sana. Majibu ya damu hiyo nayo hatujayaona. Ni karatasi moja tu.

4. Picha zetu zimevuka mipaka, na moja iko ukutani.

Kando ya lifti za ghorofa ya chini mmebandika bango la utafiti huu, limechapishwa vizuri, lina nembo za washirika wa ng'ambo. Humo ndimo tuliposoma kwa mara ya kwanza kwamba picha zimetumiwa nje ya nchi kufunza programu ya akili unde. Bango lina picha tatu za titi. Katika ile ya kati kuna doa lililozungushiwa mstari wa manjano, na kwenye kona yake namba ya mshiriki haikufutwa. Mwenzetu mmoja alitoa kadi yake ya utafiti kwenye pochi, akaisogeza karibu na bango, akalinganisha tarakimu moja moja. Ni yake.

Naomba mlitafakari hilo, waheshimiwa, hata kama hamtasoma kingine. Titi lake liko mahali ambapo watu wanasubiri lifti wakiwa wamebeba chupa za uji. Doa limezungushiwa mstari. Kama aliyelizungushia ni mtu au ni programu, huyo au hiyo iliona kitu cha kuonyesha wageni wa kongamano, na mwenye titi hajaambiwa doa hilo ni nini. Bango tumelipiga picha, namba ikiwemo, na hatutaisambaza kwa heshima ya mwenzetu.

Ninaelewa kwa nini picha za wanawake wa hapa zinatafutwa. Utafiti mkubwa wa Google kuhusu programu ya kusoma mamogramu, uliochapishwa kwenye jarida la Nature Januari 2020, ulitumia picha za wanawake wa Uingereza na Marekani. Programu iliyofunzwa kwa miili ya watu wengine haina budi kujaribiwa kwa miili yetu kabla ya kuaminiwa. Sawa kabisa. Lakini kama picha zetu zina thamani hiyo, basi tulistahili kuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Inataka ridhaa ya mwenyewe kabla hazijapelekwa nje ya nchi, na kifungu cha 26 kinampa mtu haki ya kujua data yake inatumiwaje na haki ya kuiona. Na programu hiyo ikikamilika, mtaipata bure au mtauziwa? Bango halisemi.

5. Mashine yenyewe.

Hili nalipitia juu juu kwa sababu liko mikononi mwa wengi. Kifaa cha kupigia MRI ya matiti kinatumika siku za utafiti tu. Siku nyingine wagonjwa wenu wenyewe wanapewa karatasi ya kwenda kupigiwa picha hiyo mjini, kwa pesa zao. Sielewi, na ningependa kueleweshwa.

Sasa najua mtakayosema, kwa kuwa mengine tumeshaambiwa madirishani.

Mtasema madaktari wa radiolojia ni wachache. Ni kweli, na si kosa lenu. Ila Wakenya tumeshaliona hili. Kuanzia 2015 serikali ilikodi vifaa vya matibabu kwa ajili ya hospitali za kaunti zote 47, mashine za mamogramu zikiwemo, na kuna mahali vilikaa bila kazi kwa kukosa watu wa kuviendesha au umeme wa kuviwasha, hadi Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza. Kifaa kilitangulia, mtu akasahaulika. Bajeti ya utafiti wenu ilikuwa na mstari wa nauli, mstari wa gadoliniamu, na kwa kulitazama lile bango, mstari wa safari za kongamano. Mstari wa msomaji haukuwekwa. Kama pesa hazikutosha kusoma picha zote, mngepiga chache.

Mtasema kusoma kila picha kutazua hofu bure. Hapa mna hoja. MRI huona mengi ambayo si saratani; katika DENSE, kwenye duru ya kwanza, karibu wanawake 80 kwa kila 1,000 waliopigwa MRI walishukiwa kisha wakaonekana hawana saratani. Lakini wale Waholanzi waliitwa, wakaelezwa, waliohitaji biopsi, yaani kutolewa kipande kidogo cha tishu kikapimwe, wakafanyiwa, wakarudi nyumbani wakijua. Hakuna aliyeamua kwa niaba yao kwamba ni heri wasijue.

Mtasema majina yaliondolewa, kwa hiyo picha haiwezi kuunganishwa na mwenyewe. Samahani, hilo halisimami. Mlipotutaka kwa picha ya pili mlitupigia simu, kila mmoja kwa jina lake. Orodha inayounganisha namba na jina mnayo.

Mtasema tulitia sahihi. Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha 1964 na kulirekebisha tena Oktoba 2024, linasema lengo la kupata maarifa mapya haliwezi kamwe kutangulia haki na maslahi ya mshiriki mmoja mmoja. Linataka pia washiriki wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya utafiti. Kamati ya Maadili inalijua azimio hili kuliko mimi, na ndiyo sababu barua hii imeelekezwa kwenu pia.

Na kuna watakaoninong'oneza, wengine kwa nia njema, kwamba kelele hizi zitawafukuza wafadhili. Juzi alikuja kwetu muuguzi mwingine na utafiti mwingine. Chama kilimkaribisha chai, kikamsikiliza hadi mwisho, na hakuna mkono hata mmoja ulioinuka. Mkitafuta kinachofukuza utafiti, anzieni hapo.

Tunachoomba hakizidi uwezo wa hospitali ya kiwango chenu.

Kwanza, kila picha ya MRI iliyopigwa katika utafiti huu isomwe na daktari wa radiolojia aliyesajiliwa, na kila mshiriki apewe ripoti ya maandishi pamoja na mtu wa kumfafanulia kwa lugha anayoielewa. Mwenye picha iliyo kwenye bango aitwe kabla ya wengine wote, wiki hii. Wanaofuata wawe wale waliokwisha kuhisi kinundu, maumivu yasiyoisha au majimaji kwenye chuchu. Atakayeonekana na jambo asiachiwe karatasi mkononi na kuambiwa ajitafutie. Hospitali impeleke kwenye biopsi na kwenye kliniki.

Pili, anayetaka picha zake apewe kwenye diski, bila malipo, pamoja na majibu ya damu.

Tatu, mtueleze kwa maandishi picha zimekwenda wapi, kwa nani na kwa mkataba gani. Msitume nyingine hadi kila mmoja aulizwe upya, kwa Kiswahili, na atakayekataa akubaliwe. Bango liondolewe.

Nne, mama mboga arudishiwe gharama ya MRI aliyolazimika kurudia. Risiti ninazo.

Tano, hili ni la Kamati ya Maadili: msiidhinishe tena utafiti wowote wa picha za mwili kabla ya kuona kwa maandishi ni nani atakayezisoma, majibu yatamfikiaje mshiriki, na atakayegunduliwa ana ugonjwa atatibiwa wapi na kwa pesa za nani.

Tuko tayari kukutana nanyi siku yoyote ya kazi, ofisini kwenu au katika ukumbi wa kanisa tunapofanyia mikutano ya chama. Tutakuja na kadi zetu za utafiti. Tungependa awepo mtafiti mkuu mwenyewe, maana hadi sasa tumekuwa tukizungumza na watu ambao hawana mamlaka ya kutujibu, na tunawaonea huruma.

Ifikapo mwisho wa mwezi ujao, tusipopata jibu la maandishi, tutawasilisha malalamiko rasmi kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kuhusu picha zilizopelekwa nje, na kwa NACOSTI, ambayo ndiyo inayotoa leseni za utafiti nchini. Fomu zimeshajazwa. Nakala ya barua hii nitaileta kwa mkono mapokezi ya hospitali Jumatatu asubuhi, na nitaomba safari hii, mbali na muhuri, jina la atakayeipokea.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mshiriki wa utafiti na mweka hazina wa chama,
kwa niaba ya wanawake walioshiriki kutoka Umoja, Kayole na Kariobangi.

Nakala: Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, NACOSTI.